Chumba Kilichokuwa Chini ya Kitanda Chetu

Tulimzika Tonton Fideli, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, tarehe 9 ya mwezi wa tatu mwaka huu. Na tarehe 18, siku ya kuondoa matanga, kabla viti vya kukodi havijarudishwa kwa mwenyewe, watoto wangu wawili walikuwa wamekwisha kushuka kwenye kave na kuanza kuigawa. Kave ndilo jina tunalokiita, hapa mtaani kwetu Makiso, kile chumba kikubwa kilichochimbwa chini ya nyumba za zamani, ambamo waliozijenga waliweka chupa zao na viazi vyao. Yetu ni pana sawasawa na nyumba iliyo juu yake. Haijafanya kazi yoyote ya maana tangu watoto walipokua wakaondoka, na sasa Serge, aliyekuja kutoka Kinshasa kwa ajili ya mazishi, ameamua kwamba ikamilishwe: dari, vigae, taa, choo. Dada yake Odette, aliyebaki nami mjini, ameamua hivyo hivyo, ila kwa namna isiyopatana hata chembe na ile ya ndugu yake.

"Hapa tunaweka sinema," alisema Serge, akielekeza simu yake ukutani. Simu ikaupima ukuta yenyewe na kuonyesha urefu wake. "Écran kubwa, viti ya fauteuil, climatiseur ya baridi. Donc, sinema iko hapa."

"Sinema ya nani? Weye uko Kinshasa," alimjibu Odette. "Sinema ya panya? Hapa tunaweka studio mbili, na mulango ya inje, wanafunzi wapangie."

"Wanafunzi! Wapike samaki ya chumvi chini ya pua ya mama?"

"Pua ya mama inajua samaki ya chumvi kuliko weye."

Kisha, kama watu waliokumbuka ghafla kwamba nyumba ina mwenyewe, wakanigeukia kwa pamoja. "Mama, weye unasema je?" Niliwaambia kwamba chai inapoa. Sikusema hivyo kwa hekima, walikuwa wamenichosha. Walikuwa wamezunguka mle ndani asubuhi nzima, wamepima kila pembe, wamebishana juu ya kila nguzo, na hapana hata mmoja wao aliyeinua uso kutazama juu na kujiuliza ni chumba gani kilichokaa juu ya kichwa chake. Odette aliuliza tu ile mistari ya rangi ya kijani sakafuni ilikuwa ya nini. Nilimjibu kwamba ni ya marehemu tuliyetoka kumzika, na hakutaka kujua zaidi. Ndipo nilipopanda ngazi, nikawaacha na simu yao, nikakaa jikoni na hasira ambayo nusu yake tu ilikuwa ya mwaka huu. Nusu ya pili ilikuwa ya mwaka 1987, ambapo kave hiyo hiyo ilipangwa mara ya kwanza, na watu wa namna ileile, wa kutazama chini.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja, na nilikuwa mwanafunzi. Sioni haja ya kueleza kwa nini nilichelewa shuleni. Waliochelewa wanajua, na waliowahi hawaulizi kwa nia njema. Inatosha kusema kwamba nilianza masomo ya jioni ya watu wazima nikiwa nimekwisha kuolewa, na kwamba mwezi wa kwanza wa mwaka 1987 nilipokea ruhusa ya kufanya mtihani wa serikali, ule wa diploma ya sekondari, katika mwezi wa sita, kama mtahiniwa wa kujisomea, yaani mtu asiye na shule ya kumtetea. Kilichobaki kilikuwa kusoma. Na ili nisome nilihitaji vitu vitatu ambavyo sikuwahi kuwa navyo mahali pamoja: mlango, dirisha na meza.

Tarehe 17 ya mwezi huo huo tulihamia nyumba hii. Mume wangu, Gaspari, alikuwa karani katika ofisi ya usafiri wa mtoni, na nyumba ilimfikia kwa njia ya kazi, ikiwa imeachwa tupu muda mrefu. Juu kulikuwa na jiko, sebule, chumba chetu na chumba kidogo cha mtoto. Siku ya kwanza alinishika mkono tukashuka ngazi ya kave, yeye mbele na taa, mimi nyuma na pazia la utando wa buibui usoni. Upande wa barabara mlikuwa na giza, unyevu na mabomba. Lakini upande wa bustani, nyuma ya nguzo ya pili, palikuwa na madirisha mawili mapana yaliyokaa usawa wa majani ya uani, na mwanga uliingia humo kwa mshazari, wa kijani kidogo, ukatulia sakafuni kama nguo iliyokunjwa. Hewa ilikuwa baridi. Kelele za baiskeli na za wauza mkate zilisikika kama za mtaa mwingine.

"Hii njo ya kwako, Mama Odette," alisema. "Meza hapa, chini ya dirisha. Utasoma mpaka utachoka."

"Na mulango?"

"Na mulango. Na funguo."

Gaspari alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa na kasoro moja: aliwagawia watu wote kitu kilekile. Wiki mbili hazijapita, mama yake na Tonton Fideli walifika kutoka Mangobo na magodoro yao kichwani, kwa kuwa habari ya kave ilikuwa imevuka mji mzima, na nyumba yenye nafasi ya namna hiyo, kwa maoni ya jamaa, haina ulimi wa kukataa. Mama mkwe wangu, ambaye tangu Odette azaliwe sote tulimwita Koko, yaani bibi, alitandika sebuleni upande wa kulia. Tonton, mfanyabiashara wa samaki wakavu kati ya Yanonge na bandari yetu, alitandika upande wa kushoto, na samaki wake wakatandikwa kila mahali palipobaki. "Ni mpaka kave iishe," Gaspari aliniambia. Nilipomuuliza kave itagawanywa vipi, alijibu neno alilolipenda kuliko maneno yote ya Kiswahili, Kilingala na Kifaransa: "Tutaona."

Basi nilisomea jikoni. Yeyote aliyewahi kujifunza jiometria kwenye meza ambapo watu wanakula ananielewa. Tonton alikuwa na mwili mkubwa na furaha kubwa, na vyote viwili vilihitaji nafasi. Alikuwa akija na sahani yake ya lituma, ndizi zile zilizopondwa zikapakwa mawese hadi zing'ae, akaiweka juu ya karatasi zangu kama mtu anayewasaidia wawili kufahamiana.

"Bokilo," alisema, kwa kuwa hivyo ndivyo wakwe wanavyoitana kwetu, "hii pembetatu inakula nini?"

"Inakula wakati yangu, Tonton. Toa sahani."

"Natoa, natoa. Usikasirike. Mutu akisoma na hasira, anasahau yote." Akala palepale, na alama ya mawese ikabaki kwenye pembe B.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa pili, kave iligawanywa. Watu wa kwao hawachori nyumba kwenye karatasi. Wanaichora chini, kwa ukubwa wake wote. Kisha kila mmoja anaingia kwenye alama yake na kukaa, ili ionekane kama inamtosha. Aliyekaa, amepata. Kumhamisha lazima umwambie asimame, na kuna watu wasioambiwa kusimama. Desturi hii ina busara yake mtu akiwa anajenga kibanda kandokando ya mto na wakeze wote wapo. Mimi sikuwapo. Nilikuwa juu, natwanga ndizi za kuwalisha wapangaji. Tonton alipita jikoni, akatia mkono kwenye mfuko wangu wa shule, akatoa chaki, akasema anaiazima. Nikasikia kicheko chao kikipanda ngazini, kisha sauti ya Koko, kisha kimya cha watu waliotosheka. Niliposhuka na sufuria ya lituma na samaki wa liboke, waliofungwa majanini, kave yote ilikuwa mistari, na ndani ya kila mstari alikuwa amekaa mtu.

Koko alikuwa amekaa kwenye mkeka wake chini ya madirisha yangu. Miguu ameinyoosha, mikono mapajani, uso umeelekea mwanga.

"Miye nakaa hapa," alisema, bila mtu kumuuliza. "Mifupa yangu inataka hewa."

Katikati, Tonton alikuwa amejipimia chumba cha kulala, chumba cha kupokelea wageni wa kiume kutoka Yanonge, na ghala la samaki. Gaspari alikuwa amesimama nje ya mistari yote, mikono nyuma, kama mtu anayetembelea nyumba ya wengine. Nilimtazama. Alitazama nguzo.

"Bokilo, unakanyaga ukuta yangu," alisema Tonton.

"Na chumba yangu iko wapi?"

"Iko, iko. Nani alikusahau?" Akanyoosha kidole kuelekea chini ya ngazi, mahali ambapo dari huteremka mpaka mtu mzima hawezi kusimama. Palikuwa na mstari mmoja tu. Kazi ya kuta nyingine waliiachia ngazi. "Utakaa pale na taa ndogo. Mutu anasoma na macho, hasomi na kichwa ya kusimama."

"Gaspari?" nilisema. Sikumwita Papa Odette.

"Tutaona," alisema Gaspari. "Tule kwanza."

Wakala, kila mmoja ndani ya chumba chake cha chaki, wakipitishiana samaki juu ya kuta zisizokuwapo, na Koko akasema lituma ilikuwa na chumvi pungufu. Jumatatu yake nilishuka na ndoo na tambara, nikapiga deki sakafu yote kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Jioni Tonton alitazama ile sakafu safi, akanisifu kwa usafi, akaenda bandarini, akarudi na mabaki ya rangi ya mafuta iliyopakwa mashua ya mtu. Akachora upya. Ndiyo hiyo mistari ya kijani ambayo Odette aliiulizia.

Mwezi wa tatu ulipita hivyo. Matofali yalifika, saruji ikafika, fundi akaja na kuondoka na kurudi. Kila asubuhi nilimwambia Gaspari kwamba mtihani haungoji, na kila asubuhi aliniambia atasema nao. Sijui alisema nao nini; nilijua walichokuwa wanasema wao. Siku moja nilikuwa naanika mashuka uani, nimesimama karibu na yale madirisha yaliyokaa usawa wa majani, na sauti zao zikanijia kutoka chini kana kwamba ardhi yenyewe inanisengenya.

"Anatafuta diploma ya nini?" alikuwa akisema Koko. "Iko na bwana, iko na mutoto, iko na nyumba ya matofali."

"Mama, weye hujui. Akipata, atakuwa mukubwa kuliko Gaspari. Ataanza kumuambia kaa, simama."

"Gaspari tayari anakaa, anasimama."

Wakacheka sana, wote wawili, na mimi nikiwa na shuka lililolowa mkononi sikujua nichekee wapi. Kisha Koko akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetenda haki: "Lakini anajua kupika, ile bokilo." Naye Tonton: "Kupika haina diploma, mama." Niliporudi ndani nilifungua kitabu cha historia, nikasoma ukurasa mmoja hadi mwisho, na sikuweza kusema ulihusu nini. Miezi mitatu tu ilikuwa imebaki. Nilijipima kwa kweli, kama ninavyojipima kila mara, nikaona kwamba nikiendelea kusomea jikoni nitaanguka. Na nikianguka mara ya kwanza hawataniacha nijaribu mara ya pili. Mwanamke aliyechelewa hupewa nafasi moja, na hiyo pia hupewa kwa kuazimwa.

Katika wiki ya pili ya mwezi wa nne, kuta zilikuwa zimefika magotini. Koko hakuweza kungoja. Alasiri moja, baada ya chakula, alichukua mkeka wake akashuka kwenda kulala kidogo katika chumba chake kisichokuwa na kuta bado, ili akijaribu. Mimi nilikuwa juu, chumbani mwetu, nafagia chini ya kitanda. Kiatu cha kazi cha Gaspari, kile kizito chenye chuma puani, kiliniponyoka mkononi kikaanguka sakafuni.

"Nani ananikanyaga?" Koko alipaza sauti kutoka chini.

Odette, aliyekuwa na umri wa miaka minne na anayejua majibu yote, alikuwa akicheza ngazini. "Ni mama, Koko. Anafagia chini ya kitanda."

"Kitanda ya nani?"

"Ya papa na mama. Iko hapo, juu ya kichwa yako."

Kisha nikamsikia Koko akipanda ngazi, bila kupumzika hata mahali anapopumzika kila siku, na akatokea mlangoni mwa jiko, kitenge amekifunga kifuani kama mtu anayekimbia moto, mkeka kwapani. Hakutaka maji. Hakutaka kukaa. "Munataka kuniua?" alisema. "Miye nilale chini ya kitanda ya mutoto wangu na bibi yake? Nitazame juu nione nini? Nisikie nini?" Alikataa chakula cha jioni, akakataa na cha kesho yake. Inafaa nieleze, kwa sababu watoto wangu wa leo wangecheka: kwao, mzazi hakaribii malazi ya mwanawe aliyeoa, wala kaka mkubwa ya mdogo wake. Hapiti karibu, hagusi godoro lake, haulizi kama wamelala vizuri. Hilo kila mtu alilijua, Tonton na Gaspari na mimi na fundi. Lakini watu wa mtoni wamejenga daima kando kwa kando, nyumba ya mtoto hapa, ya mama kule, migomba katikati. Aibu yao ilijua kulia na kushoto, na ilikuwa haijafundishwa juu na chini. Walichora kave kwa miezi miwili, wakaikalia, wakaipaka rangi, na hakuna aliyetazama darini.

Jumapili baada ya kanisa tulikaa sebuleni, wanne, kati ya magodoro na samaki. Koko alikuwa ameketi karibu na mlango, kama mtu atakayeondoka. Gaspari alipendekeza tuhamishe kitanda. Nilimkumbusha kwamba kitanda kile, cha mti mzito kama chuma, seremala alikiundia humo humo chumbani, na hakikuweza kupita mlangoni bila kukatwa miguu.

"Na tukikikata, tunakiweka wapi?" aliuliza Tonton. "Kwa chumba ya mutoto hakienei. Hapa sebuleni? Hapa chini yake njo miye nalala. Asante."

"Basi Koko alale upande wa ghala," nilisema. "Juu yake iko chumba ya Odette."

Koko alifikiri. "Mujukuu haina shida," alisema mwishoni. "Mujukuu anikanyage. Wote wamenikojolea mugongoni."

Nilidhani nimeshinda. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa ili nitaje meza. Lakini Tonton alikuwa amepiga magoti yake kwa viganja vyote viwili, kama afanyavyo mtu aliyemaliza kazi.

"Bon! Mama anakamata ghala. Na kule kwa madirisha tunaweka samaki. Kuna hewa, samaki itakauka muzuri. Na samaki haina bokilo!"

Gaspari alianza kusema "tutaona", na nikahisi kitu kikikatika ndani yangu kama uzi wa kushonea. Samaki! Nilikuwa tayari kumpisha mama wa watu. Sikuwa tayari kupisha samaki. Sikupaza sauti. Nilichukua sauti niliyofundishwa na mwalimu wetu wa hesabu, ya kumfuata mtu hatua kwa hatua mpaka aone mwenyewe.

"Kweli, Tonton. Samaki haina bokilo. Lakini samaki haijitoi. Nani ataingia kuitoa?"

"Miye. Nani mwingine?"

"Weye. Yaya ya bwana wangu, mukubwa yake. Kila asubui mapema, mbele batu waamke. Utasimama pale chini, na miye niko juu, kwa kitanda yangu, na kati yetu iko mbao tu."

Gaspari alikohoa. Tonton alifungua kinywa, akatazama dari ya sebule, ambayo haikuhusika hata kidogo.

"Na wageni ya Yanonge," niliendelea, "wakikuja kununua, utawaingiza pia? Ndugu zako wote? Wasimame wote pale?"

"Mama, ni samaki tu," alisema Tonton.

"Fideli, unasikia bibi ya mudogo yako anasema nini?" aliuliza Koko.

"Nasikia, lakini—"

"Nauliza kama unasikia." Koko alikuwa amesimama. Hakuwa mrefu, na kitenge chake cha kanisani kilikuwa kimemfunguka kidogo begani, lakini sikuwahi kumwona akijaa chumba namna ile. "Chumba ile, mutoto wangu hata mumoja asitie muguu. Na batu ya kwetu wasitie muguu. Na miye, sitatia muguu. Mwenye kitanda njo mwenye chumba."

"Basi Gaspari akae mle," alisema Tonton kwa unyonge.

"Gaspari atatafuta nini chini ya kitanda yake? Anajificha nani?"

Hapo hata Tonton alicheka. Na mimi, katikati ya kicheko, nilimwona Koko akinitazama, na pembe ya mdomo wake ikatikisika. Niliishika ile pembe ya mdomo kama hati. Nilijiambia kwamba mwanamke huyu ameelewa mchezo wangu, ameamua kuucheza pamoja nami, na kwamba yale niliyoyasikia dirishani yalikuwa maneno ya mtu anayempa mwanawe raha. Nilijivuna mwezi mzima.

Mlango uliwekwa tarehe 2 ya mwezi wa tano, pamoja na funguo. Meza ilikaa chini ya dirisha. Ningependa kuandika kwamba kuanzia hapo nilisoma kwa amani, lakini amani haikuwahi kushuka ngazi ile. Watoto wa jirani walipoalikwa na Odette kurukaruka juu ya kitanda chetu, vumbi la dari liliangukia logarithmi zangu. Na nje ya mlango, kila alasiri, Koko aliweka kigoda chake. Hapo alichambua pondu, majani yake ya muhogo, hapo alisinzia, hapo alimfukuza kila aliyekaribia: wanawe, wageni, fundi aliyerudi kutafuta mwiko wake. "Humo hamuingiwe," aliwaambia. Kisha, wakiisha kuondoka, alinigeukia mimi kupitia ubao.

"Bokilo! Unasoma ao unalala?"

"Nasoma, Koko."

"Sisikii. Soma na sauti."

"Koko, hii haisomwe na sauti. Ni hesabu."

"Basi soma ile ingine."

Nikamsomea jiografia kwa sauti, nikiwa nimeuma meno, sura nzima ya mito ya Ulaya, nikiwa na haraka ya kurudi kwenye hesabu zilizonitisha zaidi. Aliuliza kama mito hiyo ina samaki gani, na nani anayeivua, na kwa nini mto mmoja upite katika nchi za watu wengi hivyo bila kugombaniwa. Nilipomwambia kitabu hakisemi, alisema basi kitabu hakijamaliza. Kuna siku nilitamani chini ya ngazi.

Nilifanya mtihani katika mwezi wa sita. Matokeo yalisomwa redioni asubuhi moja ya mwezi wa nane, shule baada ya shule, na sisi tusiokuwa na shule tukawekwa mwisho. Wote walikuwa sebuleni juu, kuizunguka redio. Mimi sikuweza. Nilishuka, nikajifungia, nikakaa kwenye meza tupu, na kwa kuwa sakafu yao ilikuwa dari ya kave nzima nilifuata yote kwa nyayo: Tonton akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, Odette akikimbia na kukemewa, Gaspari asiyesogea. Sauti ya redio ilifika kwangu kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Niliweza kusikia kwamba ni majina, sikuweza kusikia ya nani. Majina yaliendelea muda mrefu. Kisha nyayo zote zikasimama. Kisha zikaenda zote kwa pamoja kuelekea jikoni, na ngazi ikaanza kunguruma.

Walipofika mlangoni nilikuwa nimekwisha kuufungua, nimerudi nyuma hadi mezani ili kuwapisha waingie. Koko alikuwa mbele, na kopo la poda nyeupe mkononi, ile ambayo mji wote humwagia watoto wake waliofaulu. Alikuwa amekwisha kulifungua. Nyuma yake Tonton alikuwa analia waziwazi, mtu mzima mwenye kilo zote zile, akisema, "Diploma! Diploma kwa nyumba yetu!" kana kwamba aliitoa yeye kwenye nyavu. Na wote walisimama hapo. Hakuna aliyevuka kizingiti. Tonton alijisahau akainua mguu, na Koko, bila kugeuka, akamzuia kwa kiwiko tumboni.

"Ingieni," nilisema. Nilikuwa nalia na mimi. "Koko, ingia. Ile maneno ya kitanda imeisha, tulipata chumba. Weye na miye tunajua ilikuwa nini."

Alinitazama bila kuelewa. Nilitafuta ile pembe ya mdomo, na haikutikisika. "Ilikuwa nini?" aliniuliza. Na hapo, nikiwa na diploma yangu ya saa ile ile, nilielewa kwamba hakuna mtu aliyekuwa amecheza nami mchezo wowote. Alisema hataingia, na hakuingia. Alikaa kwenye kigoda kile akiwafukuza wanawe kwa sababu kilichokuwa juu ya chumba kile kilikuwa kweli. Kama alikuwa pia amenitakia mema katika kukaa huko, hakuwahi kuniambia, na hadi alipofariki, tarehe 4 ya mwezi wa kumi na moja mwaka 1996, hakuwahi kutia mguu humo. Mpaka leo jambo hilo linanichokoza, kwa kuwa nimezoea kujua ninamshukuru nani na kwa kitu gani.

Alitumbukiza mkono kwenye kopo, akaitupa poda kwa nguvu kunielekea kutoka pale alipokuwa. Poda ilipaa, ikaning'inia katika mwanga wa dirisha, ikaanguka yote sakafuni katikati yetu.

"Unaona?" alisema Koko, amekasirika kabisa. "Inapotea. Toka humo, bokilo, unatupotezea poda."

Nikatoka.